Ashwagandha, dawa ya tezi na usingizi uliopotea: jibu kwa mwalimu wa Njoro

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Njoro, nina miaka 52. Miaka sita iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa goita, na tangu hapo nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, kila asubuhi. Nina presha pia, natumia amlodipini. Mwaka huu usingizi umenikimbia. Nalala saa nne, saa nane usiku nimeshaamka, moyo unadunda, na mawazo hayanipi nafasi hadi kunakucha. Binti yangu aliye Dubai amenitumia kapsuli za ashwagandha. Mzee jirani alipoona picha kwenye chupa akasema mmea huo uko hapa hapa uani kwetu, nichimbe mzizi nichemshe. Je, ni kweli ni mmea huo? Nimeze kapsuli, nichimbe, au niache vyote?

Jibu: Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuifungua hiyo chupa, na kwamba umetaja dawa zako zote. Kwa sasa kapsuli usianze na mzizi usichimbe, hadi damu yako ipimwe kiwango cha homoni za tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Sisemi hivyo kwa kudhani ashwagandha haifanyi kazi. Inafanya, na moja ya kazi zake ni kuichochea tezi ileile uliyofanyiwa upasuaji.

Nianze na mzee wako, kwa maana amesema jambo la kweli na anastahili kusikilizwa. Ashwagandha, ambayo kwa jina la kisayansi ni Withania somnifera, ni mmea wa asili wa Afrika sawa na ulivyo wa India. Ukiteremka kutoka Njoro kuelekea sehemu kavu za Bonde la Ufa, utaukuta kandokando ya barabara, kwenye mahame ya maboma ya ng'ombe na katika nyua ambazo hazijafyekwa muda mrefu. Ni kichaka kifupi, kwa kawaida hakipiti kifua cha mtu mzima. Matawi na majani yake yana vinyweleo vya rangi ya kijivu. Maua ni madogo, ya kijani kinachoelekea njano, yamejibana pale jani linapoota kwenye tawi. Tunda linaiva jekundu au rangi ya chungwa, nalo limefungwa ndani ya kifuko chembamba mfano wa zile nathi zinazouzwa sokoni. Ukoo wake ni ule wa nyanya, biringanya, viazi na managu. Waganga wa mitishamba wa jamii kadhaa za Kenya wanautumia tangu zamani, kwa hiyo mzee hakuotea.

Wasiwasi wangu ni kwamba ukoo huohuo una ndulele na una mnanaha. Mnanaha ni sumu kali: mtu hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, akaanza kuona vitu ambavyo havipo. Wakati wa kiangazi, majani yakishapukutika, mizizi ya vichaka vya ukoo mmoja haijitambulishi kwa urahisi, na jiko la kuchemshia halibadilishi sumu ikawa dawa. Mtu aliyeufuata mmea huu maisha yake yote anaweza kuutofautisha. Wewe na mimi tunaongozwa na picha ya kwenye chupa, na picha hiyo haitoshi.

Hata kama mzee amepatia, bado hatujui mzizi wa uani una nguvu kiasi gani. Viambato vinavyotajwa sana katika ashwagandha vinaitwa withanolaidi, na wingi wake hubadilika kufuatana na udongo, umri wa mmea, msimu, na sehemu ya mmea iliyotumika. Ndiyo maana wakulima wa Madhya Pradesh na Rajasthan huko India huipanda kwa makusudi mashambani, wakaing'oa baada ya miezi mitano au sita, wakakata mizizi, wakaikausha na kuipanga kwa madaraja kulingana na unene. Suala la sehemu ya mmea nalo si dogo. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, dawa ya kunywa hutokana hasa na mzizi. Mwaka 2021 wizara ya India inayosimamia tiba za jadi iliwaandikia watengenezaji ikiwataka waache kutumia majani ya ashwagandha katika bidhaa zao, kwa sababu baadhi walikuwa wakiyachanganya ili kupunguza gharama. Kwa hiyo mtu akikwambia chemsha mmea mzima, majani na matunda pamoja, ujue amekwenda mbali na desturi yenyewe anayoitegemea.

Desturi hiyo ninaiheshimu sana, na ningependa uielewe kabla hatujafika kwenye kapsuli. Katika Ayurveda mzizi wa ashwagandha uko katika kundi la dawa za kujenga mwili. Hupewa mtu aliyedhoofika, mzee aliyeishiwa nguvu, aliyetoka kuugua kwa muda mrefu, asiyelala kwa sababu ya uchovu uliozidi. Unga wa mzizi huchemshwa kwenye maziwa hadi maziwa yapungue, au huliwa pamoja na samli au asali. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu mimea ya dawa, linataja gramu 3 hadi 6 za unga wa mzizi mkavu kwa siku, na linawaonya wajawazito wasiutumie kabisa. Na yule tabibu wa Ayurveda hampi kila anayebisha hodi. Humtazama mgonjwa kwanza: umbo lake, tumbo lake linavyosaga chakula, usingizi wake, maradhi aliyonayo. Kapsuli imefika Njoro kwa ndege, lakini ule uchunguzi umebaki India.

Sasa tuingie kwenye ushahidi wa hospitali, maana najua mwalimu utataka kujua kama haya yamepimwa. Yamepimwa. Jaribio linalotajwa mara nyingi lilifanyika India, likachapishwa mwaka 2012. Watu wazima 64 wenye msongo wa mawazo wa muda mrefu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 300 za kiini cha mzizi mara mbili kwa siku kwa siku 60, lingine likapewa kapsuli zisizo na dawa. Waliopata dawa walijisikia nafuu zaidi, na kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa kwenye msongo, kilishuka kwa takriban asilimia 28, wakati kwa wenzao kilishuka kwa takriban asilimia 8. Kuhusu usingizi, uchambuzi wa mwaka 2021 ulikusanya majaribio matano yenye watu 400 kwa jumla. Ukaonyesha kwamba ashwagandha inasaidia, ila msaada wenyewe ni mdogo. Waliofaidika zaidi ni wale wenye tatizo halisi la kukosa usingizi, waliotumia miligramu 600 kwa siku, kwa wiki nane au zaidi.

Nautilia mkazo huo udogo. Watu 400 ni wachache, na majaribio mengi ni ya wiki chache. Anayekuambia mzizi huu utakulaza usiku wa kwanza anakuuzia. Anayekuambia ni majani tu hayana kitu, naye hajasoma.

Hapa ndipo tezi yako inapoingia. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio jingine la India, la watu 50 ambao tezi zao za thairoidi zilikuwa zimeanza kulegea kidogo. Nusu yao walipewa miligramu 600 za kiini cha mzizi kwa siku kwa wiki nane, wengine wakapewa kapsuli zisizo na dawa. Kwa waliopata dawa, homoni za thairoidi zilipanda, na TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, ikashuka. Kwa watu wale ilikuwa habari njema. Kwako inaweza kuwa balaa, kwa sababu wewe tayari unaongezewa homoni hiyo kwa kidonge kila asubuhi.

Na tazama dalili ulizoniandikia: kuamka saa nane usiku, moyo kudunda, mawazo yasiyotulia. Mimi nikisikia hayo kwa mtu anayetumia levothairoksini, jambo la kwanza ninalouliza ni kama kipimo cha kidonge kimezidi. Homoni ya thairoidi ikizidi mwilini, usingizi huondoka, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, jasho hutoka bila sababu, uzito hupungua ingawa unakula, na mifupa hudhoofika taratibu. Ukiongeza ashwagandha juu ya hali hiyo unaweza kuwa unaisukuma mbele zaidi, huku ukingoja ikupe usingizi. Huenda ugonjwa unaotafuta kuutibu kwa kapsuli unatoka kwenye kidonge kingine, na dawa yake ni kupunguza kidonge hicho kwa maelekezo ya daktari. Sina hakika kwamba ndivyo ilivyo. Kipimo cha TSH ndicho kitakachosema, na hakihitaji kusafiri hadi Nairobi. Hospitali kubwa na maabara za mjini Nakuru hukifanya. Kwa watu wazima wengi, kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4. Kikiwa chini sana, homoni imezidi. Kikiwa juu, haitoshi. Hata hivyo usijisomee jibu peke yako ukabadilisha dozi. Daktari ana lengo lake kwa kila mgonjwa, hasa kama goita yako ilitolewa kwa sababu ya uvimbe uliotiliwa shaka.

Ukienda kwa daktari, muulize pia jambo hili: je, tezi ilitolewa yote au kipande kilibaki? Watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa goita hawajui, na kadi ya kutoka hospitalini ilishapotea zamani. Kama kipande kilibaki, ashwagandha ina kitu cha kuchochea. Kama yote ilitolewa, hatari ya upande huo inapungua, lakini haiishi, kwa sababu majaribio kwa panya yanaonyesha mmea huu huongeza homoni hizo katika damu, na sehemu ya kazi ya kuzibadilisha kuwa zenye nguvu zaidi hufanyika nje ya tezi, kwenye ini na viungo vingine.

Niruhusu nikuulize na namna unavyomeza kidonge chenyewe. Wagonjwa wengi wa hapa kwetu hukiteremsha kwa chai ya maziwa ya asubuhi. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Maziwa, kahawa, vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma huizuia isifyonzwe vizuri, na hivyo vidonge vya kalsiamu na chuma vinapaswa kukaa mbali nayo kwa saa nne. Sasa tuseme mtu alikuwa akimeza na chai, vipimo vikaonyesha homoni haitoshi, daktari akapandisha dozi. Baadaye mtu huyohuyo akaacha chai, akaanza kumeza kwa maji. Dozi ileile inakuwa nyingi mno, na hakuna aliyekosea kuiandika. Kama ulibadilisha chochote asubuhi mwaka huu, mwambie daktari.

Kuna ini pia. Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walichapisha habari za wagonjwa watano walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za ashwagandha. Watatu walikuwa wa Iceland. Dalili zilianza kati ya wiki mbili na wiki kumi na mbili tangu waanze kumeza: macho ya njano, mwili kuwasha, kichefuchefu. Wote walipona baada ya kuacha, ingawa ilichukua mwezi mmoja hadi mitano. Ukizingatia idadi ya watu wanaotumia mmea huu duniani, jambo hilo ni nadra. Halipaswi kukutia hofu ya kulala macho, lakini ni lazima ulijue. Denmark, baada ya ripoti ya wataalamu wake ya mwaka 2020 iliyotaja tezi, homoni za uzazi na mimba, iliipiga marufuku mwaka 2023. Nchi nyingine nyingi bado zinairuhusu. Mimi sioni haja ya kuipiga marufuku, ila naona haja kubwa ya kumuuliza kila anayetaka kuinunua anatumia dawa gani nyingine.

Kwako ziko mbili. Levothairoksini tumeimaliza. Amlodipini inashusha presha, na ashwagandha nayo inaweza kuishusha kidogo. Zikikutana unaweza kupata kizunguzungu ukiinuka ghafla, na anayeinuka saa nane usiku kwenda msalani gizani ni mtu wa kuanguka. Kwa faida ya wengine watakaosoma: wanaotumia dawa za sukari wajue inaweza kuteremsha sukari kupita kiasi. Wanaotumia vidonge vya usingizi, vya kifafa, au pombe, usingizi unaweza kuzidi. Wenye magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, waliopandikizwa figo, wajawazito, wanaonyonyesha, na wanaume wenye saratani ya tezi dume inayotegemea homoni, waiache. Anayetarajia kufanyiwa upasuaji aiache angalau wiki mbili kabla.

Kuhusu sifa nyingine zilizoandikwa kwenye chupa, kama nguvu za kiume, misuli na kumbukumbu, yapo majaribio machache madogo yenye matokeo ya kutia moyo, hasa kwa misuli na mbegu za kiume. Kwa saratani na kisukari hakuna ushahidi wa kumfanya mtu aache dawa yake hata kwa siku moja.

Chupa yenyewe nayo ina maswali. Soma maandishi ya nyuma. Je, ni unga wa mzizi au ni kiini kilichokolezwa? Miligramu 600 za kiini si sawa na miligramu 600 za unga, kwa kuwa kiini kimeminywa kutoka mizizi mingi. Je, imeandikwa mzizi peke yake, au mzizi na majani? Imetaja asilimia ya withanolaidi? Ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulichunguza dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti, na karibu asilimia 21 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hii haimaanishi kwamba chupa ya binti yako ni chafu. Ndiyo sababu tu napendelea bidhaa iliyosajiliwa hapa nchini na Bodi ya Famasia na Sumu, au angalau yenye cheti cha maabara huru, kuliko ile ambayo kitu pekee tunachokijua juu yake ni kwamba ilinunuliwa kwa upendo. Mwambie binti yako kwamba upendo wake umefika. Akitaka kukusaidia zaidi, alipe vipimo vya damu.

Wakati unangoja majibu, usikae ukiteseka. Chai ya majani na kahawa ziishie saa nane mchana, kwa sababu kafeini hukaa mwilini saa nyingi, na kikombe cha saa mbili usiku wakati wa kusahihisha madaftari kinakudai usiku huohuo. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama hukulala. Kitanda kiwe cha kulala tu, madaftari na simu vibaki sebuleni. Ukiamka saa nane na baada ya dakika kama ishirini huoni dalili ya usingizi, toka kitandani, keti mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la utulivu, urudi ukisinzia. Njia hii inaonekana nyepesi, lakini ndiyo msingi wa tiba inayopendekezwa kwanza kwa watu wasiopata usingizi kwa muda mrefu, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa ashwagandha. Katika umri wa miaka 52 pia kukoma hedhi huleta joto la ghafla na jasho la usiku linaloamsha mtu. Kama linakupata, liseme kwa daktari bila haya. Na kama unaamka na huzuni nzito, au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, hilo nalo ni ugonjwa unaotibika.

Ikiwa TSH itakuwa mahali pake, ini ni zima, presha imetulia, na daktari wako akakubali, sitakuzuia kujaribu. Utaanza na miligramu 300 za kiini cha mzizi jioni baada ya chakula, upime presha nyumbani au zahanati kila wiki, na urudie TSH baada ya wiki sita hadi nane. Usipitishe miezi mitatu, kwa sababu majaribio mengi hayakwenda mbali zaidi ya hapo. Tumbo likichafuka au ukiharisha, punguza au acha. Moyo ukizidi kudunda, acha. Macho yakigeuka njano, mkojo ukawa mweusi wa rangi ya chai ya rangi, au mwili ukawasha bila upele, acha siku hiyohiyo na uende hospitali ukiwa na chupa mkononi.

Mpaka hapo, weka kapsuli kabatini mbali na wajukuu, na mwombe mzee asimchimbie mtu mwingine mzizi kabla hajamuuliza dawa anazotumia. Ukishapimwa, niandikie namba ya TSH, dozi ya levothairoksini iliyoandikwa kwenye pakiti, saa unayoimeza na unachoimezea, pamoja na jibu la daktari kama kipande cha tezi kilibaki. Nikiwa na hayo manne nitaweza kukujibu juu ya chupa hiyo kwa hakika.